Mchora Nyumba Aliyehama Nchi Nyingi

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia

  Katika barua yenu mlituomba tuzungumze juu ya ujenzi, kwa sababu karibu kila kikundi kilicho hapa kina kitu kinachojengwa: nasari, ghala la mahindi, tangi la maji, vyumba vya kupangisha kule sokoni. Tulijiuliza tuanzie wapi. Bei ya simiti mnaijua kutushinda sisi, na mafundi wa kuchanganya mchanga na kokoto mnao wenyewe. Basi leo tutawaeleza maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuchora nyumba, yaani msanifu wa majengo, halafu ninyi mtatuambia kama ana la kutufaa.

Mtu huyo aliitwa Gabriel Guevrekian. Jina la pili ni zito kwa ulimi wetu, kwa hivyo tutamwita Bwana Gabriel. Alikuwa Mwarmenia. Waarmenia ni taifa la kale lenye lugha yake na hata herufi zake za kuandikia, na asili yao ni milima ile iliyo kati ya Uturuki, Irani na Georgia. Kwa karne nyingi waliishi chini ya watawala wa mataifa mengine. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watawala wa dola ya Kituruki iliyoitwa Ottoman waliwatoa Waarmenia makwao, wakawaua wengi na kuwafukuza wengine kwa miguu mpaka jangwa la Siria. Waliokufa huhesabiwa kuwa kama milioni moja, na wako wanaotaja zaidi. Waliopona walitawanyika duniani: Lebanon, Ufaransa, Marekani, na hata Ethiopia hapa jirani. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Haile Selassie, aliwachukua vijana 40 yatima wa Kiarmenia kutoka Yerusalemu, wakawa bendi yake ya tarumbeta. Hayo ni kando tu, lakini mjue kwamba habari hizi haziko mbali sana nasi.

Bwana Gabriel alizaliwa Constantinople, mji ambao leo unaitwa Istanbul. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Tehran, mji mkuu wa Uajemi, ambayo siku hizi ni Irani. Kisha mwaka 1910 akapelekwa Vienna, Austria, kwa jamaa yao aliyekuwa pia mchora nyumba. Kwa hiyo balaa la mwaka 1915 lilipotokea, yeye alikuwa mbali. Mji alikozaliwa haukuwa tena mahali pa kurudi.

Hebu tukae kidogo Tehran, maana huko ndiko alikoona kitu ambacho hakikumtoka machoni. Uajemi ni nchi kavu. Mvua ni kidogo, na mito mingi hukauka. Lakini watu wa kule, tangu maelfu ya miaka, walijua kuyaleta maji kutoka milimani kwa njia iitwayo kanati. Tutaieleza polepole, kwa sababu wengi wenu mnatoka pande zenye shida ya maji.

Wachimbaji walienda kwanza chini ya mlima, wakachimba kisima kirefu mpaka wakafikia maji. Halafu walirudi kule chini, karibu na kijiji, wakaanza kuchimba shimo la kulala, yaani mfereji wa chini kwa chini, kuelekea kwenye kile kisima. Mfereji huo una mteremko mdogo sana. Ukizidi, maji yanakimbia na kula udongo. Ukipungua, yanasimama. Kila baada ya hatua kadhaa walitoboa shimo jingine la kusimama, la kuingiza hewa na kutolea udongo. Kwa juu unaona mstari wa mashimo tu yamepangana kama vichuguu. Chini, maji yanatembea yenyewe usiku na mchana, bila pampu na bila dizeli, na jua haliyapati. Kanati nyingine ni za makumi ya kilomita. Maji yakifika kijijini yanagawanywa kwa zamu ya saa, kila mwenye shamba na saa zake, na wenyeji wanachanga kazi ya kuingia chini kuzoa matope. Kazi hiyo ikiachwa, kanati inajifunga na kijiji kinahama. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliziweka kanati 11 za Irani katika orodha ya urithi wa dunia, na nyingine bado zinatoa maji.

Tehran nayo siku hizo ilikunywa maji ya kanati. Maji yakitoka nje yalipitishwa katika bustani zenye ukuta, katika mifereji iliyonyooka inayoigawa bustani sehemu nne. Maji machache, lakini kila tone limepangiwa njia yake.

Sasa twende Vienna. Bwana Gabriel alisoma katika chuo cha ufundi na sanaa cha mji huo, na mmoja wa walimu wake alikuwa Oskar Strnad. Juu ya mwalimu huyu kuna jambo ambalo akina mama watalipenda. Katika chuo hichohicho alisoma msichana mmoja, Margarete Lihotzky, wakati ambapo kazi ya kuchora nyumba ilikuwa ya wanaume watupu. Mwaka 1917 alitaka kushindania tuzo ya kuchora nyumba za wafanyakazi. Strnad alimwambia asichore kitu kabla hajaenda kwenye mitaa ya wafanyakazi kuona wanavyoishi. Akaenda. Aliona watu wanane, tisa, wamelala chumba kimoja. Aliporudi alichora, na akaipata ile tuzo. Miaka michache baadaye, mwaka 1926, alichora jiko dogo kwa nyumba za mji wa Frankfurt, Ujerumani, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alipima hatua za mama anayepika, kutoka maji hadi moto na kutoka moto hadi meza, akavipanga vitu ili mama asitembee bure. Jiko hilo liliwekwa katika nyumba kama 10,000. Huyo ni mwanafunzi wa mwalimu mmoja na Bwana Gabriel. Alifariki mwaka 2000, akiwa amebakisha siku tano tu atimize miaka 103.

Bwana Gabriel alimaliza masomo, akahamia Paris mwanzoni mwa miaka ya 1920, akaajiriwa na wachora nyumba wenye jina, mmoja wao Robert Mallet-Stevens. Mwaka 1925 palifanyika maonyesho makubwa sana mjini Paris. Mkubwa wa bustani za maonyesho alimtaka kijana huyu wa Tehran atengeneze bustani yenye roho ya Kiajemi lakini kwa mtindo mpya. Ploti aliyopewa ilikuwa ndogo na ya pembe tatu, ile ambayo kwetu mtu angesema ni ya kutupia takataka. Yeye hakuuficha ule umbo. Alirudia pembe tatu kila mahali: vitanda vya maua ni pembe tatu, mabwawa ya maji ni pembe tatu na yamepangwa kwa ngazi, moja juu ya jingine, hata ua ni pembe tatu za vioo. Katikati kulikuwa na tufe la vioo vya rangi linalozunguka kwa umeme na kurusha mwanga. Watu walishangaa. Wengine waliisifu, wengine waliicheka, lakini jina lake likajulikana.

Tajiri mmoja, Charles de Noailles, aliiona, akamwita amtengenezee nyingine katika nyumba yake ya mlimani huko Hyères, kusini mwa Ufaransa. Hiyo nayo ni pembe tatu, imefungwa kwa kuta nyeupe, na ndani ni miraba iliyopandwa maua kama ubao wa drafti. Vitabu vya bustani huonyesha picha yake mpaka leo. Sisi, tukisema kweli, hatuionei wivu sana. Ni bustani ya kutazama kutoka juu. Huwezi kuketi ndani yake na mtoto, wala kuchuma mboga. Mwaka 1927 na 1928 alijenga pia karibu na Paris nyumba ya Jacques Heim, mfanyabiashara wa mavazi, yenye baraza na bustani kwenye kila ghorofa. Nyumba nzuri, ya mtu mwenye pesa.

Lakini mwaka huohuo wa 1928 mambo yake yaligeuka upande unaotuhusu zaidi. Mwezi wa Juni, wachora nyumba kutoka nchi kadhaa za Ulaya walikutana katika ngome ya La Sarraz, Uswisi. Ulaya ilikuwa imetoka vitani miaka kumi nyuma, na watu wa mijini walikuwa wanabanana vibaya. Waliunda umoja wao, wakaandika azimio, na watu 24 wakatia sahihi. Bwana Gabriel alikuwa mmoja wao, na katika miaka ya mwanzo alishika kazi ya ukatibu. Ninyi makatibu mlio hapa mnaijua kazi hiyo: barua, simu, na kumkumbusha mtu kitu ambacho aliahidi mwenyewe. Ebu fikirini kuifanya kwa Kijerumani na Kifaransa, na wanachama wenyewe wote wanajiona wakubwa.

Mwaka 1929 umoja huo ulikutana Frankfurt, ule mji wa jiko dogo. Swali lililokuwa mezani lilikuwa hili: nyumba ya mtu wa mshahara mdogo iwe na ukubwa gani, ili isiwe ghali na bado mtu aishi kama mtu? Mwenyeji wao alikuwa Ernst May, mkuu wa ujenzi wa mji huo, naye pia alikuwa ametia sahihi pale La Sarraz. Huyu May lazima tumtaje, kwa sababu baadaye alikuja kwetu. Wanazi waliposhika Ujerumani hakuweza kurudi, na mwaka 1934 akaingia Tanganyika, akalima karibu na Arusha. Mwaka 1937 akahamia Nairobi akarudia kazi yake ya kuchora. Vita vya pili vilipoanza, serikali ya mkoloni ilimfunga kambini kwa zaidi ya miaka miwili kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa Wajerumani wenyewe walikuwa wamemkataa. Ndiye aliyechora Delamere Flats za Nairobi na Hoteli ya Oceanic ya Mombasa, na mwaka 1945 aliitwa kupanga upanuzi wa mji wa Kampala. Alirudi kwao mwisho wa mwaka 1953. Kwa hivyo mkisikia habari za mkutano wa wazungu wa Uswisi msidhani ni hadithi ya mbali. Karatasi moja ilitiwa sahihi na Mwarmenia wa Tehran na mkulima wa Arusha wa baadaye.

Turudi kwa Bwana Gabriel. Mwaka 1932, Vienna, chama cha wasanifu na mafundi kilijenga mtaa wa nyumba 70 za mfano. Msimamizi wake, Josef Frank, aliwaita wachora nyumba zaidi ya thelathini, kila mmoja achore nyumba ndogo ambazo familia ya kawaida inaweza kukaa. Bwana Gabriel alirudi katika mji aliosomea akachora mbili. Hapa hakuna tufe la kuzunguka wala mabwawa ya ngazi. Ni nyumba ndogo, zina dirisha mahali pa jua, baraza la kupumzikia na kipande cha bustani. Kwetu sisi hizi ndizo kazi zake bora, kuliko ile bustani ya tajiri.

Kumbe mambo hayakwenda walivyotazamia. Watu walifurika kuzitazama, lakini walionunua walikuwa wachache. Mwaka 1932 dunia nzima ilikuwa katika shida ya uchumi, watu hawana kazi, na bei ya nyumba hizo, ambazo waliozichora waliziona rahisi, ilimshinda mfanyakazi. Nyingi zilibidi zipangishwe. Hapa tunataka vikundi vyenye vyumba vya sokoni visikilize vizuri. Walipima jua, walipima hatua za mpishi, walipima kila kitu. Mfuko wa mpangaji hawakuupima vya kutosha. Chumba kinaweza kuwa kidogo na bado kikawa ghali. Kabla hamjaweka vigae, nendeni sokoni mkaulize mama wa mboga na kijana wa bodaboda wanalipa ngapi sasa kwa mwezi, na mwezi gani huwa hawana.

Mwaka 1933 serikali ya Irani ilimwita nyumbani, ikiwa hapo ni nyumbani. Mfalme Reza Shah alikuwa anaifanya Tehran kuwa mji wa kisasa kwa haraka sana, barabara pana zinapasuliwa katikati ya mitaa ya zamani. Bwana Gabriel alichora majengo ya serikali, likiwemo la Wizara ya Sheria, na nyumba nyingi za watu binafsi. Hakuna kipindi kingine alichopata kazi nyingi kama hicho. Lakini mwaka 1937 aliondoka tena, akaenda London, na huko kazi ilikuwa haba. Vita vilipopamba moto alikuwa amerudi Ufaransa. Wajerumani waliikalia nchi, naye hakukubali kuwafanyia kazi. Baada ya vita, mwaka 1946, alikwenda Saarbrücken, mji wa mpakani uliokuwa umepigwa mabomu, akasaidia mipango ya kuujenga upya na akafundisha.

Halafu Marekani. Mwaka 1948 alifika Auburn, katika jimbo la Alabama, kufundisha chuoni, na mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Illinois. Alikaa huko akifundisha kuchora nyumba kwa miaka ishirini, mpaka 1969. Mwaka 1955 alipata uraia. Hesabuni sasa: Istanbul, Tehran, Vienna, Paris, Tehran tena, London, Ufaransa tena, Saarbrücken, Alabama, Illinois. Kila mahali alianza na watu wapya na sheria mpya za ujenzi. Majengo hukubebi. Alichoweza kubeba ni alichokijua, na mwishoni alikigawa kwa wanafunzi badala ya kukijenga. Wako wanaosema alipotea alipoacha kujenga. Sisi hatukubaliani nao. Kikundi chenye fundi mmoja hodari ambaye hamfundishi mtu kina bahati mpaka siku fundi huyo akiugua.

Na yale majengo yenyewe yalikuwaje alipokwisha kuyaacha? Bustani ya Paris ilikuwa ya maonyesho, ikabomolewa maonyesho yalipokwisha. Bustani ya Hyères ilichakaa. Mwaka 1973 manispaa ya mji huo iliinunua nyumba ile ya mlimani, na baadaye bustani ikatengenezwa upya kwa kufuata picha na michoro ya zamani. Zile nyumba ndogo za Vienna, mji ulizichukua zile zilizokuwa hazijauzwa. Vita viliharibu baadhi ya mtaa, lakini nyingi zilibaki, na kuanzia mwaka 2011 zilifanyiwa ukarabati mkubwa. Watu wanaishi humo. Yaani katika kazi zake, iliyosimama ni ile iliyopata mwenye kuitunza, awe manispaa au familia yenye ufunguo. Sifa ya mchoraji haikuzuia mvua kuingia.

Tunalisema hili kwa sababu ya matangi ya maji. Tumepita vijiji vingi tukaona tangi zuri, limeandikwa jina la mfadhili kwa rangi, na lina ufa ambao debe moja la simiti lingeuziba. Tukiuliza tunaambiwa mradi ulikwisha. Wale watu wa kanati walikuwa na zamu ya kuzoa matope kabla ya wafadhili kuzaliwa.

Bwana Gabriel alistaafu akarudi Ufaransa, akafariki Antibes mwaka 1970. Karatasi zake zimehifadhiwa katika chuo kile cha Illinois alikofundisha.

Sasa kabla ya chakula tunaomba kila kikundi kikae peke yake chini ya mti. Mchore ploti ya mradi wenu jinsi ilivyo, hata kama imekaa vibaya, msiinyooshe. Onyesheni jua linatoka wapi na mvua ya upepo inapiga upande gani. Onyesheni maji ya mvua yanaelekea wapi yakishuka kwenye mabati. Kama ni nasari, chagueni mama mmoja mwenye mtoto pale, atembee kwa hatua kutoka mlango mpaka choo mpaka bomba, na mhesabu. Wazee watuwie radhi, safari hii kalamu ishikwe na akina mama, maana ndio watakaotumia mlango huo kila siku. Mwisho andikeni chini ya mchoro jina la mtu atakayekaa na ufunguo, na pesa za kupaka rangi baada ya miaka mitatu zitatoka mfuko gani. Kikundi kikikosa jibu la hili la mwisho, kiache nafasi wazi, tutalizungumza pamoja saa nane.

Karatasi na penseli ziko pale kwa katibu. Kamba ya kupimia ni moja tu, mpokezane.